Lamu kwa siku chache: makumbusho, Nyumba ya Kiswahili, Ngome, ama usubiri tamasha?

Likizo ikikaribia tu maswali yanaanza, "naenda Lamu, niko na siku mbili, niingie wapi?" Na majibu yanakuja ya kila aina, huyu anakwambia usithubutu kuondoka bila kuona siwa, lile baragumu kubwa la kale, yule anasema achana na vitu vya kwenye kabati wewe ngoja Maulidi, mwingine anakutumia video ya punda wanafukuzana pale pwani na kijana amemshikilia wa kwake shingoni asianguke. Wote hawajakosea, shida ni kwamba kila mmoja anajibu kwa alichokipenda yeye, hajui kama uko na mtoto wa miaka minne ama mama mwenye magoti yanayouma ama pesa za kuhesabu.

Kwa hivyo hapa nazipanga sambamba alafu utachagua mwenyewe. Ni nne.

Ya kwanza ni Makumbusho ya Lamu yenyewe, lile jengo jeupe la veranda linaloangalia bahari, la mwisho mwisho wa karne ya 19, enzi za ukoloni wakubwa wa serikali walikua wanaishi humo. Ya pili ni Nyumba ya Kiswahili, hii iko ndani kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, nyumba ya karne ya 18 ikakarabatiwa na kupangwa vile mtu angeishi. Ya tatu ni Ngome, pale uwanja wa Mkunguni, huwezi kuikosa hata ukitaka. Ya nne sio jengo, ni zile siku mji mzima unageuka maonyesho, yaani Maulidi na Tamasha la Utamaduni. Hayo majengo yote matatu yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na hata kwenye hizo sherehe utakuta wana mkono wao kwenye kupanga mashindano.

Kuna pia Posta ya Wajerumani, hiyo nimeiweka pembeni. Ni padogo, Wajerumani walifungua posta hapo 1888 wakati wana mambo yao na sultani wa Witu kule bara, 1891 wakafunga. Kama wewe ni mtu wa stempu na historia ya ukoloni pita, kama sio, hutalala ukiiwaza.

Nimepima kwa vigezo gani

Unaona nini hasa, inakula muda gani na miguu kiasi gani, pesa, watoto na wazee wataiweza vipi, unashiriki ama unatazama tu, na msimu. Hakuna kigezo cha "ipi nzuri zaidi" na sitakiweka, ningekiweka watu wa Mkomani na wa Langoni, pande mbili za mji, wangegombana bure.

Unaona nini hasa

Hapa ndo penye tofauti kubwa kwa hivyo nitakaa kidogo.

Makumbusho ya pwani ni ya vitu. Na kitu chenyewe ni siwa, ziko mbili, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba. Ya Pate ina zaidi ya mita 2, yaani mtu mrefu akisimama kando yake bado inampita, na ni baragumu la kupuliziwa ubavuni sio kwenye ncha, kuna tundu pale kando ndo mdomo unawekwa. Ile ya shaba iliyeyushwa ikamiminwa kwa njia ya nta, unachonga umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, nta inayeyuka inatoka na shaba inaingia mahali pake, alafu juu yake nakshi imepita mpaka maandishi. Zote mbili ni za zamani, za enzi miji hii inashindana yenyewe kwa yenyewe, na haikua ya kila mtu kupuliza, ilikua ya harusi na tohara za wakubwa na kutawazwa. James de Vere Allen, msimamizi wa kwanza wa makumbusho haya, aliandika sana juu yake. Ushauri wangu usiipite haraka kwa picha moja ya simu, zunguka upande wa pili, ya shaba ukiiangalia kwa karibu unaona zile kamba kamba za nakshi zinavyozunguka shingo na mahali pamelainika kwa kushikwa.

Mbali na siwa kuna vyombo vya bahari vya mfano, na hapo tafuta mtepe. Mtepe haukupigwa msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za kumbi na tanga lake lilikua mkeka, mkeka kabisa wa miaa. Vyombo hivyo vimekwisha baharini, kwa hivyo hapo kwenye kabati ndo utaviona. Kuna viti vya enzi vya mpingo vilivyotiwa pembe, milango ya nakshi, vitu vya fedha vya wanawake, mapambo ya harusi, vyungu na vigae vya magofu ya visiwani. Na kitu wageni wengi hawakitarajii, kuna sehemu za majirani wa bara, Waorma, Wapokomo, Waboni, manake Lamu ni kaunti sio kisiwa peke yake na waliokua wanaleta pembe na asali na ng'ombe hawakua wanaishi kwenye nyumba za mawe.

Nyumba ya Kiswahili ni kinyume chake. Huko hakuna kitu kimoja cha kusema "nimeona", kitu ni nyumba yenyewe. Unaingia dakani, pale kwenye mabaraza mawili ya kukaa wageni wa nje, unapinda (mlango haukuonyeshi ndani moja kwa moja, mtu wa njiani asichungulie), unatokea kiwandani, yaani uani penye mwanga, alafu misana, vile vyumba virefu, inafuatana, wa chini, wa juu, alafu ndani. Kila ukiingia zaidi sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua, na heshima ya chumba inaongezeka. Ukifika ndani unakutana na ukuta wa zidaka, vishubaka vya chokaa vimepangwa safu kwa safu mpaka juu, humo ndo kaure na vitabu vilikua vinawekwa. Vyumba vyote ni virefu vyembamba, na sababu sio fasheni, ni boriti, dari inabebwa na miti ya mikoko na mti wa mkoko ukikatwa una urefu wake, huwezi kufanya chumba kipana kuliko boriti yako. Kuna birika la maji lenye visamaki vidogo ndani yake vya kula viluwiluwi vya mbu, hiyo watoto hawabanduki hapo. Na utaonyeshwa kachumba ka ndani kabisa, mambo ya uzazi na ya kuosha maiti yalikua humo, msimulizi akiwa anajua kazi yake hapo sauti inashuka kidogo.

Alafu kuna vyombo vya jikoni juu. Hapa nina stori, nilimpeleka shangazi yangu, mama wa makamo wa Mombasa, akafika kwa ile mbuzi ya kukunia nazi na kinu na mawe ya kusagia akasimama akamwangalia yule kijana wa kutembeza akamwambia, "Mwanangu, hii mbuzi iko jikoni kwangu, na mimi nilipe kuiona?" Kijana akacheka, akamjibu, "Shangazi, wewe ndo ulipwe utufundishe." Na kweli kuanzia hapo shangazi ndo aliongoza, anaeleza kifuu kinashikwa vipi, tui la kwanza na la pili, na Wazungu wawili waliokua nyuma yetu wanaandika. Nasema hivi manake watu wa pwani wengi hudharau hii nyumba, "si ni kama kwa bibi", na ni kweli ni kama kwa bibi, tofauti ni kwamba kwa bibi ulikua unafukuzwa msana wa juu ukiwa na miguu michafu na hapa unauliza maswali yote.

Ngome inataka uelewe historia yake kwanza ama utaona kuta tu. Baada ya vita vya Shela, watu wa Lamu waliwapiga Wapate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakaogopa watarudi, wakamwita Mwomani awasaidie, na ngome ikamalizwa 1821. Toka hapo ikawa kambi ya askari, alafu toka 1910 ikawa jela mpaka 1984. Ndo maana wazee wa Lamu wengine hawana hamu ya kuingia, wanaikumbuka kwa jina lingine. Leo ndani kuna ua mkubwa, vyumba vya maonyesho yanayobadilika, maktaba, na sehemu za mikutano na sherehe za watu wa mji. Kwa hivyo unachoona kinategemea siku, unaweza kukuta maonyesho ya mazingira, unaweza kukuta semina, unaweza kukuta watu wanapanga viti vya harusi na wewe umeshika tiketi yako unapita katikati yao. Kwangu mimi hilo sio kasoro, jengo lililokua la kufungia watu sasa lina watoto wa shule wanasoma. Panda juu ukutani uone paa za mji na ule uwanja wa chini wenye miti ya mikungu na wazee wa bao.

Tamasha na Maulidi hakuna kabati. Maulidi ya Lamu yako Msikiti wa Riyadha, upande wa Langoni, msikiti wa shekhe Habib Swaleh mwenye asili ya Ngazija, na watu wanatoka mbali, Comoro, Zanzibar, Mombasa, bara. Maulidi yenyewe ni ya Habshi, inasomwa kwa matari na nai (filimbi). Kuna zefe, yale maandamano ya kuimba, na nje ya msikiti kuna goma la fimbo, wanaume kwenye safu, kanzu nyeupe, bakora zinapanda na kushuka pamoja taratibu mpaka unasahau kuna jua. Pembeni yake kuna mashindano, punda, majahazi, bao, kuogelea, mpaka uandishi wa khati. Tamasha la Utamaduni lenyewe ni la burudani zaidi, mashindano ni hayo hayo, ongeza mashairi, kirumbizi (ngoma ya fimbo), hina, vyakula na vikundi vya sehemu zingine za kaunti. Mbio za punda ni za pale pwani, njia nyembamba, watu pande zote, punda mmoja anakimbia kama risasi na mwingine anasimama katikati kabisa anaangalia bahari na mwenyewe anambembeleza mbele za watu mia tano, hiyo huipati kwenye jengo lolote.

Muda na miguu

Makumbusho ya pwani saa moja na nusu mpaka mbili kama unasoma maelezo, nusu saa kama unapiga picha tu na kutoka. Ngazi ziko, lakini hazitishi. Nyumba ya Kiswahili ni kama dakika arobaini, na hapo muda unategemea anayekutembeza kuliko wewe, ukipata mwenye stori hutoki. Ngazi zake ni nyembamba na zimesimama, kama magoti yanasumbua baki chini, chini kwenyewe kunatosha. Kuifikia ni kutembea vichochoroni, pinda kushoto uliza, pinda kulia uliza, na punda akija na mchanga mgongoni wewe ndo unabana ukutani sio yeye.

Ngome ni saa moja hivi. Faida yake iko katikati ya kila kitu, ukitoka uko sokoni, ukivuka uko Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, kwa hivyo haikatizi siku yako.

Tamasha linakula siku nzima na siku nyingine, na ratiba ya Lamu ni ratiba ya Lamu, wakisema saa tatu mbio za majahazi, upepo na maji ndo vitaamua. Mtu aliyepanga ndege ya saa nane siku hiyo hiyo atakasirika bure. Kama uko na siku moja pekee ya mwaka mzima na ikaangukia tamasha, usijaribu kufanya vyote, utakua umesimama mlangoni mwa makumbusho masikio yako yako pwani.

Pesa

Majengo yanalipisha, na bei ni kwa madaraja, raia wa Kenya ana yake, mkazi wa Afrika Mashariki ana yake, mgeni wa nje ana yake ya juu zaidi, na watoto wanapunguziwa. Nenda na kitambulisho, usiende na "mimi Mkenya si unaona". Na uliza pale pa kwanza kama kuna tiketi ya pamoja ya sehemu zote, manake kulipa moja moja inapanda. Kama ni moja tu unaweza, kwa bajeti ndogo naona makumbusho ya pwani inakupa vitu vingi zaidi kwa tiketi, lakini kama ulishaona makumbusho makubwa ya Nairobi na Ngome ya Yesu huko Mombasa, basi Nyumba ya Kiswahili ndo inakupa kitu hukuona kwingine.

Tamasha la barabarani ni bure kulitazama. Ila bure hiyo ina mlango wa nyuma, vyumba vinajaa na bei ya kulala inapanda, boti za kutoka Mokowe, kule bara, zinajaa, na ukija bila kuweka nafasi utalala kwa jamaa ya rafiki ya jamaa. Hesabu jumla, usihesabu kiingilio peke yake. Kuna watu wanasema tamasha ni rahisi kuliko makumbusho, hao walilala kwa wenyewe.

Watoto na wazee

Mtoto mdogo, chini ya miaka sita tuseme, kwa makumbusho ya pwani atavumilia vyombo vya bahari na siwa basi, vigae vya udongo usimlazimishe. Nyumba ya Kiswahili ana visamaki vya birika na ngazi za kujificha, lakini kuna vitu viko wazi mkononi kwa hivyo mama hapumziki. Ngome kwa mtoto ni ya kwanza, ua mkubwa, kuta za kupanda, mashimo ya mizinga, na anakimbia hadi achoke, ila juu ukutani mshike mkono.

Tamasha kwa mtoto ni furaha na ni wasiwasi. Kichochoro kikijaa kimejaa, na punda wa mashindano hana breki. Mtafutie mtoto mahali pa juu, baraza ama dirisha la mtu, watu wa Lamu hawanyimi mtoto nafasi ya kuona. Wazee nao, zefe inapita polepole na mzee anaweza kukaa barazani ikamfuata yeye, hiyo ni bora kuliko ngazi za nyumba yoyote. Mzee asiyependa makelele mpeleke makumbusho ya pwani asubuhi mapema, upepo unaingia verandani, watu wachache, anasoma taratibu.

Mwenye kiti cha magurudumu, nisikudanganye, mji huu wa mawe haukumfikiria. Njia ya pwani na ghorofa za chini ndo pa kuanzia, na piga simu uulize kabla.

Unashiriki ama unatazama

Makumbusho ya pwani unatazama. Ni hivo tu na sio dhambi, kuna mambo yanataka kimya na kioo. Siwa ikitolewa kila mtu ajaribu kupuliza, mwaka mmoja imekwisha.

Nyumba ya Kiswahili ni nusu nusu, unakaa barazani, unauliza, unajibizana, na kama uko na mtu wa pwani kwenye kundi (mnamjua shangazi yangu) inakua maongezi. Ngome inategemea siku, ukikuta warsha ama maonyesho ya wasanii wa hapo basi unaingia nao, usipokuta ni kuta na upepo.

Tamasha unashiriki hata usipotaka. Utaombwa usukume chombo, utapewa kashata, utapigwa kikumbo na shabiki wa timu ya majahazi. Kwenye Maulidi hata hivo kuna mpaka wake, hiyo ni ibada, wapo waliokuja kwa nia sio kwa picha. Vaa vizuri, mabega na magoti yafunikwe, wanawake mbebe mtandio, msiingize kamera usoni mwa mtu anayesoma kasida, na kwenye zefe fuata wenyeji wanavyojipanga, wanaume wapi wanawake wapi. Ukifuata hayo utakaribishwa kuliko ulivyotarajia. Asiye Mwislamu haulizwi dini yake barabarani, anaangaliwa adabu.

Kitu ambacho watu hawakifikirii, makumbusho na tamasha vinategemeana. Ule mtepe wa kabatini ukiuona asubuhi alafu jioni ukaona majahazi yanageuza tanga pale mkondoni kati ya Lamu na Manda, unaanza kuuliza maswali ya maana, misumari ilianza lini kwenye vyombo hivi, nani alijua kushona na nani alijua kupiga seremala. Na milango ya nakshi ukishaisoma kwenye makumbusho, ukipita Usita wa Mui utaona fundi amekaa chini mlangoni kwake, ubao umelala magotini, anapiga patasi kwenye ua lile lile la karne ya 18, na pembeni yake simu inacheza taarabu. Mimi napenda kuanza na kabati nimalizie na fundi. Wengine wanaanza na fundi wanakwenda kabatini kuthibitisha, na hao ndo huwa wanabaki ndani muda mrefu zaidi, nimewaona.

Msimu

Majengo yako wazi mwaka mzima, wikendi na sikukuu pia, kwa hivyo hayahitaji mpango. Nenda asubuhi ama baada ya alasiri, saa sita mpaka saa tisa jua la Lamu linakumaliza kabla hujafika mlangoni. Mvua za masika, Aprili na Mei, wageni ni wachache sana na unaweza kupata Nyumba ya Kiswahili peke yako, hoteli nazo bei inashuka, ila bahari inachafuka na baadhi ya lodji zinafunga.

Tamasha la Utamaduni kwa kawaida ni Novemba, lakini tarehe inatangazwa na kubadilika, thibitisha kabla ya kununua tiketi ya ndege. Maulidi yanafuata mwezi, Mfungo Sita (Rabiul Awwal), kwa hivyo kila mwaka yanarudi nyuma kama siku 11, na ya Riyadha yanakua mwisho wa mwezi sio tarehe 12 yenyewe, hapo ndo wengi wanakosea, wanakuja tarehe 12 wanakuta mji umetulia. Na Ramadhani, majengo unaingia kama kawaida lakini mchana usitembee na chupa ya maji mdomoni, na ukivumilia mpaka usiku mji unaamka upya.

Sasa wewe ni nani

Uko na nusu siku tu, umeshuka boti asubuhi na unarudi jioni: makumbusho ya pwani, iko hapo hapo karibu na gati, alafu tembea Usita wa Mui mpaka Mkunguni uone Ngome kwa nje ukae chini ya mkungu upate kitu cha kula. Ukibakiwa na saa moja, ingia Ngome.

Uko na siku mbili na hakuna sherehe: siku ya kwanza makumbusho asubuhi na Nyumba ya Kiswahili jioni, kwa mpangilio huo, manake ukianza na nyumba unakosa majina ya vitu. Siku ya pili Ngome na mafundi.

Wewe ni mchoraji, fundi, mwanafunzi wa usanifu, mtu wa kuangalia mkono wa mtu: Nyumba ya Kiswahili ndo yako, nenda na kitabu cha kuchorea na omba ruhusa ya kukaa msana wa juu bila haraka, alafu milango na siwa. Tamasha litakupendeza lakini halitakupa muda wa kuchora.

Una watoto watatu na subira kidogo: Ngome kwanza wachoke, alafu visamaki, na makumbusho ya pwani mgawane, mmoja anaingia na mkubwa mwingine anabaki na wadogo kwenye juisi ya muwa.

Uko na mzazi aliyekulia pwani: usimpeleke kama mgeni. Mpeleke Nyumba ya Kiswahili umwachie maneno, na kama miguu inaruhusu panga safari yako iangukie Maulidi, akae barazani.

Unataka watu kuliko vitu, huna shida na msongamano, na umeshapata pa kulala: tamasha, na ukichoka kabisa siku ya pili kimbilia ndani ya makumbusho upumzishe masikio, wakati huo huwa hakuna foleni, wote wako pwani wanamsubiri yule punda aamue.

Unaandika, unafundisha, unatafiti: majengo yote matatu, nje ya msimu wa sherehe, na anzia maktaba ya Ngome. Tamasha lirudie mwaka mwingine, ukiwa umeshajua nani ni nani, hapo hata kwenye zefe utaitwa kwa jina.

Na kama pesa inatosha kiingilio kimoja tu na hujawahi kufika Lamu maisha yako, angalia moyo wako uko kwa kitu ama kwa nyumba. Ya kitu iko pwani, ya nyumba iko Mkomani, na kutoka moja kwenda nyingine ni dakika chache tu kwa mguu, uliza mtoto yeyote atakupeleka, mpe ya peremende.